Kichaka Kilichobaki Mtaani: Wakfu, Mkataba, Kikundi au Nyua za Miti?

Ukitoka Malindi mjini ukashika njia ya Gede, mabango ya "ploti zinauzwa" yanakaribia kushinda minazi kwa wingi. Kijiwetanga, Msabaha, Mijomboni, kote ni hayo hayo. Shamba lililokuwa na mikorosho mbele na kichaka nyuma linaingiwa na mpimaji, mawe yanapigwa, futi hamsini kwa mia, hamsini kwa mia. Tingatinga likipita asubuhi, adhuhuri miti imelala chini ikingoja kugeuzwa makaa. Sina nia ya kumkataza mtu kuuza chake. Watu wana karo za kulipa na wagonjwa wa kuuguza, na nyumba lazima zijengwe mahali. Namwandikia yule aliyekwisha amua kwamba sehemu fulani ya shamba, au kile kichaka cha nyuma ya msikiti ambacho watoto hukiogopa usiku, kibaki kama kilivyo kwa ajili ya kima, hondohondo na komba, ila hajui ashike njia gani. Njia zipo kadhaa na hazilingani. Nyingine ni nyepesi leo, halafu huvunjika siku ya arobaini yako.

Kipande chako kinaweza kumbeba nani?

Wengi huanza kwa wakili. Mimi ningeanza kwa kupima, kwa sababu ukubwa wa kipande ndio unaoamua kama inafaa kusumbuka na karatasi au la.

Mchukue sange, yule mnyama mdogo mwenye pua ndefu inayochezacheza na matako ya rangi ya dhahabu. Duniani kote hapatikani ila pwani ya Kenya, na ngome yake kuu ni msitu wa Arabuko-Sokoke, wenye kilomita za mraba 420 hivi. Uzito wake ni kama nusu kilo. Mchana kutwa hufukua majani makavu akitafuta mende, jongoo na buibui. Usiku hulala ndani ya kiota alichokikusanya chini kwa majani hayo hayo, hata mtu aweza kukipita hatua moja asijue kuna kiumbe ndani. Akishtuka hupiga majani kwa mkia, kisha hutimka kwa kurukaruka. Ngozi ya pale matakoni ni nene kuliko kwingine mwilini, ili adui akivutiwa na ile rangi amuume pasipomuua.

Sange huishi wawili wawili, dume na jike, na jozi moja hushika eneo la hektari 1.7 hivi, yaani ekari nne na ushei. Sasa leta hesabu ya dalali. Ekari moja hutoa ploti nane za hamsini kwa mia. Jozi moja ya sange basi inakalia ploti zaidi ya thelathini, na jozi moja peke yake haiendelezi kizazi. Mwenye ploti mbili asijidanganye kwamba anafuga sange. Ila mwenye ekari sita zinazogusana na kichaka cha jirani, huyo ana jambo kubwa mkononi.

Ushahidi upo hapo Gede. Msitu uliozunguka magofu ya mji wa kale si mkubwa, na mji umeuzunguka, lakini sange wamo. Wamo kwa sababu magofu yanalindwa na sheria ya makumbusho, hakuna anayekata, na jambo ambalo watu hawalitaji: hakuna anayefagia majani. Sisi wa pwani tunapenda uwanja uliofagiwa ukang'aa. Kwa sange uwanja uliofagiwa ni jangwa. (Kima wa pale Gede ni hadithi nyingine. Wageni wamewazoesha ndizi mpaka wanapekua mikoba. Kumlisha mnyama kwa mkono si kumhifadhi.)

Hondohondo, yule ndege wa mdomo mkubwa, ana hesabu tofauti. Yeye huruka mbali kufuata matunda, kwa hiyo hajali mipaka ya ploti. Anachokosa ni tundu. Jike huingia ndani ya shimo la mti mkubwa, hujizibia kwa udongo akabakisha ufa mwembamba, na dume humletea chakula kupitia ufa huo hadi makinda yawe tayari. Mti wa kumbeba huyu ni mzee, tena wenye uwazi tumboni, ndio ule ambao fundi huutaja wa kwanza kukatwa kwa kuwa "umeoza". Mbambakofi mmoja mkongwe kwenye uwanja wa shule unaweza kumfaa hondohondo kuliko ekari nzima ya miche.

Na usisahau bonde linalojaa maji wakati wa masika. Kuna ndege wa jamii ya kwera anayepatikana Kilifi peke yake, na mpaka 2013 hakuna mtaalamu aliyejua anazalia wapi. Walipompata, walimkuta Dakatcha, huko huko Kilifi, kwenye madimbwi ya msimu yenye majani marefu, si ndani ya msitu. Dimbwi la namna hiyo ndilo la kwanza kumwagiwa kifusi mtaa unapokua.

Kwa kipimo changu mwenyewe: chini ya ekari moja, fikiria nyua na majirani. Ekari nne kwenda juu zikiwa kipande kimoja, tafuta karatasi ya kuzifunga. Katikati ya hapo, jibu liko kwa jirani yako: kama naye ana kichaka na mnaweza kugusanisha, hesabuni pamoja.

Nyua za miti

Hii haina wakili wala ada. Majirani wanakubaliana mpaka wa ploti uwe ua wa miti badala ya ukuta wa bloki, na kila mmoja abakize miti miwili mitatu aliyoikuta. Inaanza leo, na inafaa hata kwa asiye na hati. Komba watapita juu, vinyonga na ndege watakaa katikati, kalunguyeye na kenge watapita chini. Pandeni mkone na mkwaju, uacheni mbungo utambae, na penye nafasi mbali na choo na tangi la maji pandeni mkuyu, maana mkuyu ukizaa kila mwenye mbawa anajua.

Mwarobaini usipandwe kisha ukaitwa uhifadhi. Ni dawa, sikatai, na kivuli chake ni kitamu. Lakini ni mgeni, ndege na popo hubeba mbegu zake, na umeshaingia hata ndani ya misitu ya kaya, ile mitakatifu ya Wamijikenda, ukisonga miti ya wenyewe.

Udhaifu wa nyua ni kwamba zinakwenda na moyo wa mwenye nyumba. Akihama na akaja mwingine anayetaka ukuta wa futi nane na chupa zilizovunjwa juu, njia imekatika. Hapo ombeni kidogo kinachowezekana: tundu la shubiri moja chini ya ukuta kila baada ya hatua chache. Umeme na magari navyo huua wanyama wa juu. Diani walitundika madaraja ya kamba juu ya barabara ili mbega wavuke bila kugongwa, na jambo hilo linaigika popote penye kima na magari.

Adui mkubwa zaidi wa nyua wala si panga, ni jaa. Kunguru mweusi mwenye shingo ya kijivu aliletwa Zanzibar miaka ya 1890, akasambaa pwani yote. Hukaa penye watu na taka zao, na hula mayai na makinda ya ndege wengine. Mtaa wenye nyua nzuri na taka zilizomwagwa pembeni unafuga kunguru tu. Hapa kipande kimoja kinene kinazishinda nyua waziwazi, kwa sababu ndani kabisa ya kichaka kunguru huyo hana shughuli.

Karatasi tatu

Tuelewane kwanza: zote zinataka hati miliki. Kilifi nzima kuna watu waliozaliwa juu ya ardhi ambayo hati yake iko kwa mwingine, tangu sheria ya hati ya 1908 ilipowaandikia baadhi na kuwaacha wengi. Kama ndivyo ulivyo, ruka uende kwenye kikundi.

Nyepesi kuliko zote ni kusajili msitu wa binafsi chini ya sheria ya misitu ya 2016. Unakwenda ofisi ya Shirika la Huduma za Misitu, KFS, na unaweza kupata ushauri wa kitaalamu. Ni jambo zuri. Ila hati inabaki vile vile, na mrithi akitaka kuuza atauza. Mimi nauona kama cheti cha heshima, kinampendeza mwenyewe akiwa hai.

Ya pili ni mkataba wa sharti la uhifadhi. Sheria ya wanyamapori ya 2013, na kabla yake ile ya mazingira ya 1999, zinaruhusu sharti lifungwe kwenye ardhi yenyewe: sehemu fulani isikatwe, isijengwe. Unabaki mwenye shamba, unaweza kuuza, unaweza kurithisha, ila anayenunua analichukua pamoja na sharti lake. Kwa familia ambayo haijaamua itakaa au itauza, hii ndiyo inayoacha mlango wazi. Usishangae wakili wako akihitaji kwenda kuisoma upya, maana mitaani kwetu haijazoeleka.

Ina mambo mawili ya kuangalia. Bei hushuka, hilo lisemwe wazi. Mnunuzi anayehesabu vyumba vya kukodisha wageni hatalipa sawa kwa ekari asiyoweza kuigusa. La pili ni nani ameshika ncha ya pili ya kamba. Sharti linahitaji taasisi ya kulidai likivunjwa, na kama hakuna anayekuja kutazama hata mara moja kwa mwaka, mkataba umekufa ukiwa kabatini. Kwa hiyo kabla ya kusaini muulize huyo mshika ncha atatuma nani, lini, na gari la nani.

Ndugu yake mkataba huo ni kuuza moja kwa moja kwa shirika la uhifadhi. A Rocha Kenya wamenunua ardhi Dakatcha, ambako makaa na mashamba ya mananasi yanaumega msitu. Lakini mashirika hununua penye msitu adimu na mpana. Ploti tatu za mtaani Muyeye hawatazitazama.

Ya tatu ni wakfu, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu naona tunaipita tu, na ni yetu. Malindi na Amu (Lamu) watu wameweka wakfu nyumba, visima, mashamba ya minazi na makaburi tangu zamani. Kitu kikishakuwa wakfu hakiuzwi, hakirithiwi, hakitolewi zawadi. Kinabaki, na manufaa yake yanakwenda kwa aliyetajwa. Hayo ndiyo mwenye kichaka anayoyatafuta, na kwa Waislamu wa Kenya yana sheria yake ya 2022 na Tume yake. Na sote tulifundishwa madrasa kwamba Mwislamu akipanda mti, akala ndege, mtu au mnyama, ni sadaka yake.

Kuna vifungo vyake. Wakfu unaowekwa mtu akiwa katika maradhi ya kumuua huhesabiwa kama wasia, hauvuki thuluthi ya mali yake. Kwa hiyo huwekwa ukiwa mzima, si kitandani. Kipande kikatiwe hati yake kwanza, maana kuweka wakfu sehemu isiyogawanywa ya shamba la ndugu saba ni kuwapa mawakili kazi ya maisha. Manufaa nayo yaandikwe bayana. Kichaka kitupu "kwa ajili ya wanyama" kinaweza kuzua maswali, lakini kichaka ambacho asali na matunda yake ni ya madrasa fulani, na ambacho miti yake haikatwi, kinaeleweka kwa kadhi na kwa jirani. Msimamizi awe mtu anayekaa karibu. Wakfu nyingi hazikuuawa na sheria, ziliuawa na msimamizi aliyehamia mji mwingine.

Nilishuhudia mazungumzo barazani, kijana na ami yake.

"Ami, ukikiweka wakfu hicho kichaka, sisi tutakula nini?"

"Kwani sasa mnakila, mwanangu?"

"Hatukili. Lakini siku moja tutakiuza."

"Basi ndiyo maana nakiweka."

Ukilinganisha mkataba na wakfu: mkataba unamwachia mrithi ardhi na kumnyima panga. Wakfu unamnyima yote mawili. Mkataba unamtegemea mshika ncha aliye ofisini, wakfu unamtegemea msimamizi aliye mtaani na hofu ya Mungu ya majirani. Kwa familia ya Kiislamu yenye mwenye mali mmoja, mzima, anayejua anachotaka, nauona wakfu una nguvu zaidi. Kwa familia iliyochanganyika dini, au ndugu wasiopatana, wakfu utaleta ugomvi, na mkataba utawafaa.

Kikundi na kipato chake

Wagiriama hawakungoja shirika. Misitu ya kaya za Mijikenda imesimama kwa miiko ya wazee, na 2008 UNESCO iliiandika kwenye urithi wa dunia. Lakini mwiko hauundwi kwa mkutano wa Jumamosi. Mtaa mpya wenye watu wa kutoka kila upande utahitaji sababu nyingine ya kukiacha kichaka, na mara nyingi sababu hiyo ni pesa, au maji.

Mradi wa Kipepeo ulianza Gede 1993. Wakulima wa kandokando ya Arabuko-Sokoke hulea viwavi wa vipepeo wa msituni kwa majani ya msituni, na mapupa, yaani viwavi waliojifunga kabla ya kuwa vipepeo, huuzwa ng'ambo kwa maonyesho ya vipepeo. Ukikata msitu umekata chakula cha viwavi, na mkulima huliona hilo bila semina. Kwenye hori la Mida nako, daraja la kamba linapita juu ya mikoko mpaka kwenye kibanda cha kutazamia ndege, na mpango wa A Rocha Kenya ulioanza 2001 hutumia kipato cha wageni kuwalipia karo ya sekondari watoto wa familia zinazopakana na msitu na hori. Mzazi ambaye mwanawe anasomeshwa na mikoko hahitaji kuambiwa thamani ya mikoko.

Faida ya njia hii ni kwamba hata wasio na hati wanaingia. Hatari yake ni kwamba biashara inayotegemea wageni huyumba wageni wasipokuja, na 2020 kila mtu wa pwani aliliona hilo. Kikundi kilichoegemea kitu kimoja kitarudi kwenye makaa. Na kichaka cha ekari mbili mtaani hakiwezi kuwa Mida. Msijenge daraja la mbao mkangoja mabasi. Mizinga ya nyuki pia iangaliwe: ndani ya kichaka kinene sawa, kati ya nyumba za watu ni kesi.

Ndiyo maana napenda mfano wa Amu. Matuta ya mchanga ya Shela hunywa mvua na kuihifadhi chini, na mji wa Amu hunywa kutoka huko. Anayetetea matuta yasijengwe anatetea kisima chake, na ndege na kasa wa ufukweni wanapata ulinzi kwa mgongo huo. Kama kichaka chenu kiko juu ya visima vya mtaa, au ndicho kinachozuia mafuriko ya masika yasiingie majumbani, anzeni mkutano na hilo. Jirani asiyemjua sange anakijua kisima.

Wewe ushike ipi

Mwenye ploti moja au mbili: nyua, mti mmoja mzee usiokatwa, na taka zifukiwe au zibebwe. Usitumie pesa kwa wakili.

Mzee mwenye ekari tano na hati mkononi: wakfu au mkataba, kwa namna nilivyoeleza, na usajili wa KFS juu yake kama nyongeza, si badala.

Kampuni au familia inayokata shamba kubwa kuwa ploti ina nafasi ambayo wengine hawana. Inachagua pa kuacha. Ile sehemu inayotengwa kwa matumizi ya umma iwekwe pale kichaka kilipo kinene na dimbwi lilipo, si kona ya mawe isiyouzika, na barabara isikipasue katikati. Ekari tatu kwa pamoja ni bora kuliko nusu ekari mahali sita. Ila sehemu ya umma isiyo na mwenyewe hunyakuliwa, kwa hiyo wakazi wa kwanza waandikishe chama mapema na wajue namba ya kipande hicho kwenye ramani.

Wasio na hati: kikundi na nyua, na msikubali mtu awauzie ndoto ya mkataba juu ya ardhi ambayo hamjaandikiwa.

Kwa wote wenye karatasi, mpangilio wa kazi ni mmoja. Ridhaa ya mke au mume kwanza, kisha mpimaji achore kichaka kama kipande chenye namba yake kabla shamba zima halijapelekwa bodi ya ardhi kuombewa ruhusa ya kugawanywa. Mawe ya mpaka yapigwe, na siku moja kabla ya tingatinga kuja, fungeni vitambaa vyekundu kwenye miti ya ukingoni na mtu wenu asimame hapo tangu asubuhi. Dereva analipwa kwa saa, na asipooneshwa pa kusimama atasafisha mpaka mwisho.